Nilivyompata mpima mwenye leseni wa kugawa shamba la mama

Mama alipoamua kutugawia shamba lake la Kibaha angali hai, kazi ya kutafuta mpima ilikuwa yangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Ni shamba la mikorosho lililonunuliwa zamani kwa karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na viongozi wa kijiji, na sasa mji umelifikia. Mama alitaka kila mtoto apate kiwanja chake chenye hati, ili asituachie ugomvi.

Habari zilipoenea kwamba tunapima, watu wakaanza kuletwa. Dalali wa mtaani alikuwa na kijana wake. Shemeji alikuwa na mwingine aliyemaliza Chuo Kikuu Ardhi. Mwingine alijileta mwenyewe na GPS ya mkononi, akasema atazunguka shamba asubuhi na jioni bikoni zote, yaani alama za mipaka, zitakuwa zimekaa. Bei yake haikufika nusu ya bei ya wenzake. Kaka yangu akasema tumchukue huyo.

Nilikataa kwa sababu ya yaliyompata jirani. Naye alimpata mtu wa namna hiyo, akawekewa bikoni za zege zenye nondo katikati, akapewa na mchoro wenye namba. Alipokwenda kuomba hati, ofisi ya ardhi haikuikuta ramani hiyo kwenye kumbukumbu zake. Haikuwahi kupelekwa kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, na isingepelekwa, maana aliyepima hakuwa na mamlaka ya kuitia saini. Chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, ramani ya kukupatia hati lazima itoke kwa mpima wa serikali au mpima mwenye leseni, kisha mkurugenzi huyo aiidhinishe. Jirani alilipa upya kila kitu, na zile bikoni za kwanza ziling'olewa.

Kwa hiyo kila aliyekuja nilimuuliza swali moja kabla ya kuzungumza bei: ramani hii itatiwa saini na nani, na leseni yake ni ipi? Kijana wa dalali alijibu kwamba "kampuni ina leseni". Nikamwambia anitajie mtu, kwa sababu anayepewa leseni ni mtu mwenye jina lake, na ndiye atakayeulizwa kazi ikiharibika. Hakurudi. Yule wa GPS alisema leseni ni mambo ya wenye viwanja vya Masaki, kule kwa matajiri wa Dar es Salaam.

Kijana wa shemeji alinijibu vizuri kuliko wote. Alisema, "Dada, mimi nina shahada, leseni bado. Nafanya kazi chini ya mzee mmoja, yeye ndiye anayesaini." Nilimheshimu sana kwa jibu lile. Watu wengi hudhani mtu akishamaliza chuo basi ni mpima kamili. Baada ya chuo anatakiwa afanye kazi chini ya waliomtangulia na apimwe uwezo wake, kisha asajiliwe na baraza la wapima, lile linaloitwa NCPS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1977. Leseni ya kupima ardhi kwa ajili ya hati ni hatua nyingine tena. Sioni ubaya kijana asiye na leseni akishika mashine shambani, mradi bosi wake anaikagua kazi na jina lake ndilo lililo chini ya ramani.

Nikachukua jina la huyo mzee, nikaulizia kwenye baraza kama amesajiliwa na kama leseni yake bado ni hai. Nikapita pia kwa mpima wa halmashauri. Yeye ndiye anayezipokea kazi za wapima wote wa eneo lake, kwa hiyo anajua za nani hupita na za nani hurudishwa. Hakunisifia mtu, lakini aliniambia kazi za mzee yule zinapita. Nilitosheka.

Tuliandikiana mkataba, malipo kwa awamu, na nikang'ang'ania sehemu ya mwisho ilipwe ramani ikishaidhinishwa, siyo bikoni zikishawekwa. Mpima anayejiamini hakatai sharti hilo. Mchoro wa mipango miji, yaani mpangilio wa viwanja na njia, ulitayarishwa na mtaalamu mwingine, maana mpangamiji ana bodi yake na usajili wake, na mthamini vilevile. Akitokea mtu mmoja anayesema atafanya yote hayo peke yake, muulize usajili wa kila kazi.

Kuhusu ile GPS ya mkononi, mzee alinifafanulia kwa hesabu. Kifaa kile hukosea mita tatu hata tano, na chini ya mikorosho zaidi. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Mpaka wa upande mrefu ukisogea mita tatu, umepoteza mita za mraba 90. Mashine za mzee na wenzake, zikifungwa kwenye alama za msingi za upimaji wa taifa, hukosea kwa sentimita chache.

Siku ya kwanza shambani hawakuweka hata bikoni moja. Mzee alikuja na vipimo vya viwanja vya upande wa mashariki, ambavyo ramani yake iliidhinishwa miaka mingi iliyopita, akaanza kutafuta bikoni zao. Wakafyeka nyasi, wakaipata moja. Ilikuwa ndani ya mstari wa minyaa tuliokuwa tukiujua kuwa ndio mpaka wetu, zaidi ya mita mbili.

Kaka alipandwa na hasira. "Mzee, weka kwenye minyaa. Sisi ndio tunaokulipa."

Mzee akamjibu taratibu: "Mwanangu, nikiweka pale ramani yenu itapanda juu ya ramani ya mwenzenu. Itakataliwa, na mimi nitaitwa kujieleza. Kama mnaamini huyo jirani ameingia kwenu, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mimi sigawi haki, napima."

Tulimwita mwenye kiwanja, tukamwita mwenyekiti wa mtaa, na mama akaletewa kiti. Alipoulizwa, alisema minyaa aliipanda yeye mwenyewe kuzuia mbuzi, na alipanda pale palipokuwa na udongo laini. Mpaka wa asili ulikuwa mkwaju uliokwishakatwa. Kisiki chake kilikuwa karibu kabisa na ile bikoni. Kaka alinyamaza, kisha akamwomba radhi jirani mbele yetu wote.

Mtu wa bei nafuu angeweka kwenye minyaa bila kuuliza, tungemshukuru, na wanetu wangerithi kesi. Mwenye leseni ana cha kupoteza, ndiyo maana anaweza kumwambia mteja wake "hapana". Hilo ndilo nililolilipia.

Vipande vyetu vilipunguzwa sawasawa. Njia ya kuingilia ilibaki kama ilivyo kwenye mchoro, ingawa dada yetu mdogo alitaka ihamishwe. Ofisini kazi ilikaa muda mrefu, ikarudishwa mara moja kwa marekebisho madogo, kisha ikaidhinishwa. Nilidai nakala ya ramani na orodha ya vipimo vya kila bikoni, nikampa kila ndugu yangu yake.

Masika yaliyofuata lori la mchanga lilivunja bikoni ya pembeni mwa barabara. Kung'oa au kuhamisha alama ya upimaji ni kosa la jinai, kwa hiyo hatukuigusa. Tulitoa taarifa na kumpigia mzee. Alikuja na kijana wake na vile vipimo vilivyosajiliwa, wakairudisha mahali pake jirani wa mashariki akishuhudia. Hakuna aliyebishana.