Mama hajambo

Binamu alipiga simu juzi kutoka Worcester. Baba mkwe wake, naye ni mgonjwa wa moyo, "amehitimu". Ndivyo manesi wa hospisi, huduma ya wagonjwa walio karibu kufa, wa huku Marekani wanavyosema mgonjwa anapotolewa akiwa hai: amehitimu, kama mtoto wa chekechea na kofia yake ya karatasi. "Sasa tufanye sherehe au vipi?" akauliza. Nikakaa kwenye ngazi.

Mama naye alihitimu. Alikuwa ameingia Februari, baada ya moyo kumlaza hospitali mara tatu katika baridi moja. Madaktari wawili walitia saini kwamba ugonjwa ukifuata mkondo wake wa kawaida hatavuka miezi sita. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hulipia siku 90, kisha 90 nyingine, halafu 60 baada ya 60 bila kikomo. Ila kabla ya hizo 60 za kwanza, daktari au nesi wa ngazi ya juu lazima aje amwone mgonjwa uso kwa uso, aone kama bado anastahili.

Mama alisikia neno moja tu: mgeni anakuja. Tangu alfajiri akataka nimsuke. Akaomba lile gauni la kitenge la harusi ya mdogo wangu, na leso mabegani. Kumvisha kulichukua dakika arobaini, maana baada ya kila mkono alipumzika, na katikati nilimtilia robo mililita ya mofini chini ya ulimi, miligramu 5, ya kutuliza pumzi. Saa nne nesi alipobisha, Mama alikuwa amekaa wima kitini, sahani ya mandazi mbele yake.

"Unajisikiaje leo?"

"Sijambo kabisa, mwanangu. Na wewe? Watoto wazima?"

Mama alilea wazee wa watu huku kwa miaka 14, Kiingereza hakikumpiga chenga. Alimjibu kwa Kiingereza, lakini adabu ilikuwa ya Taveta. Nesi akacheka, akaandika.

Analalia mito mingapi? Miwili. Kweli ilikuwa miwili, kwa sababu kichwa cha kitanda cha hospisi kilikuwa kimeinuliwa nyuzi 45. Kwenye kitanda cha nyumbani hata mitano haikumtosha, na usiku wa manane alihamia kitini. Choo anakwenda mwenyewe? "Nakwenda." Alikwenda mara moja kwa siku, nikiwa nimemshika kwapani, kisha dakika kumi hasemi neno, safari nyingine zote zilikuwa za kile kiti cha choo kando ya kitanda. Oksijeni kidoleni asilimia 94, mashine ikinguruma kwa lita 2. Nesi akauzungusha utepe kwenye mkono wa juu: sentimita zilezile za Mei, yaani hajakonda.

Nami nilisimama mlangoni nikitafuta namna ya kusema siyo hivyo. Mbele ya mgeni, utamkosoaje mama yako kuhusu salamu? Nilimimina chai.

Tena hakuwa anadanganya. Nafuu alikuwa nayo, ila nafuu yenyewe ilikuwa ni hospisi. Nesi alikuja mara mbili kwa wiki. Uzito ukipanda ratili 3 kwa siku moja nilipiga simu, hata saa nane za usiku, na ndani ya saa moja kidonge cha kukojoza maji kimeongezwa. Mpango huu wa Medicare kulipia hospisi ulianza 1983, wakati wagonjwa wengi wa hospisi walikuwa wa saratani, ugonjwa ambao ukishaanza kuteremka huteremka. Moyo huteremka, hupanda, hukudanganya, huteremka tena.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Barua ya kusitisha huduma ilikuja siku mbili kabla. Kuitia saini maana yake umeipokea tu, si kwamba umekubali, na rufaa hukatwa kwa simu kabla ya saa sita mchana wa siku inayotangulia ile ya mwisho. Nilikata. Waamuzi wa rufaa wakasoma maandishi ya yule nesi. Nilishindwa na sijambo.

Gari likaja likabeba kitanda, mashine na kiti cha choo. Jumapili kanisani ushuhuda ukatolewa. Kaka yangu Nairobi, ambaye Machi aliuliza kimyakimya gharama ya kusafirisha mwili, alilia kwa furaha. Mimi nilikuwa nikiinua chupa ya mofini dirishani nione imebaki kiasi gani: daktari aliyeiandika hakuwa daktari wetu tena, na yule wa zamani alikuwa na nafasi baada ya wiki tatu. Usiku wa tisa tuliita ambulensi.

Katikati ya hayo Mama akaanza kudai leso zake. Alizigawa zote Machi, alipokuwa akituaga, na sasa alitaka zirudi, moja moja, kwa majina. Ya shangazi ilikuwa imeshavuka bahari. Hakuna aliyejua aone aibu nani.

Kwa hiyo binamu nilimpa nilichokijua kwa kuchelewa. Kabla gari halijaja, daktari aandike kwamba moyo unamlazimu mzee kuinuliwa kichwa zaidi ya nyuzi 30 muda mwingi; ni kwa sentensi hiyo Medicare hulipa asilimia 80 ya kitanda. Oksijeni asipimwe ameketi tu. Mama aliketi bila mashine akapata 91, na Medicare hulipia mashine ikiwa ni 88 au chini. Apimwe ameketi bila mashine, akitembea bila mashine, kisha akitembea nayo. Apande mizani kila asubuhi, akishatoka chooni na kabla ya chai. Na siku akiteremka, hospisi inaweza kumpokea tena, hakuna muda wa kungoja.

"Na nesi mwingine akija," binamu akauliza, "mzee aseme nini?"

Nilifikiri sana hapo ngazini. Nikamwambia awe na daftari: mito, hatua, usiku mbaya, tarehe zake. Ampe nesi mlangoni, kabla hawajasalimiana.