Futi mbili zaidi

Kutoka meza ya pool ya futi 7 kwenda ya futi 9 zimeongezeka futi mbili tu, na mtu akikutajia hivyo huwezi kushtuka. Mimi sikushtuka. Halafu nikainama, nikafumba jicho moja, nikautazama mpira uliokuwa upande wa pili, nikaona kama umewekwa kata ya jirani.

Uwanja wa meza kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo, ni sentimita 254 kwa 127. Meza ya baa, ile ya kutumbukiza sarafu, ni kama mita 2 kwa 1. Ukizidisha utaona kwamba eneo limeongezeka kwa zaidi ya nusu. Mipira haijaongezeka, ni ileile 15 na mweupe wake wa kupigia. Mikono yangu pia haijarefuka.

Nafanya kazi zamu ya usiku ghalani hapa Columbus, Ohio, kwa hiyo asubuhi za katikati ya wiki ni zangu. Rafiki yangu mmoja wa Bukavu, tunayecheza naye timu moja kwenye ligi ya baa, ndiye aliyenipeleka kwenye ukumbi wenye hizo meza za futi 9. Hakuna muziki, hakuna pombe kabla ya saa sita, na taa zimening'inizwa chini juu ya kila meza kiasi kwamba sura za watu huzioni, unaona mikono tu. Mwenye ukumbi ni mzee wa Kimarekani asiyependa maneno mengi. Anakuandikia saa uliyoingia kwenye karatasi, anakupa mipira kwenye trei, basi.

Kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni kwa nini mipira niliyozoea kuitia huku nikiongea na watu sasa ilikuwa inabaki mdomoni mwa shimo. Nikadhani mashimo ni madogo. Kwa kweli ni madogo kidogo: ya kwenye kona pale yana upana wa sentimita 11.4, na mpira ni sentimita 5.7, yaani mipira miwili ikikaa bega kwa bega inaziba mdomo wote. Lakini kiini cha tatizo hakiko hapo, kiko kwenye umbali. Mpira ukiondoka na kosa la digrii 1 na kusafiri mita 1, unakengeuka kwa sentimita 1.7 hivi. Nafasi iliyobaki kila upande ni karibu sentimita 2.8, kwa hiyo bado unaingia, na wewe unajisifu. Kosa hilohilo kwa mita 2 ni sentimita 3.5. Unagonga kona, unatikisika, unabaki unakutazama.

Na hapo bado sijauhesabu mweupe. Mweupe ukiwa mita 1 kutoka kwa mpira unaoulenga, mkono ukikosea kwa sehemu moja ya kumi ya digrii, mpira unaogongwa unaondoka na kosa la zaidi ya digrii moja na nusu. Sehemu ya kumi ya digrii! Hiyo ni pumzi tu. Kwenye meza ya baa mweupe huwa karibu na kila kitu, kwa hiyo kosa halipati nafasi ya kukua. Miaka yote hiyo kiwiko changu kimekuwa kikienda nje kidogo mwishoni mwa pigo, na hakuna aliyeona, mimi mwenyewe nikiwamo. Meza kubwa iliona asubuhi ya kwanza.

Mkono wangu ulitaka kufidia umbali kwa nguvu. Ndiyo akili ya haraka: mbali zaidi, piga zaidi. Rafiki yangu akaweka chaki chini akaniambia, "Kaka, nguvu hiyo yote ya nini? Mpira haujakukosea." Kitambaa cha meza za baa ni kizito, kina manyoya, na kimenyweshwa bia, kwa hiyo lazima usukume. Hiki cha ukumbini ni cha sufu iliyosokotwa, chembamba, hakina manyoya. Mpira unateleza na kuendelea hata pale ulipodhani umeshachoka. Pigo langu la kawaida la baa lilikuwa linaupeleka mweupe ng'ambo, unarudi, halafu unakwenda tena kujitafutia mahali pabaya. Kwa hiyo nimejikuta napiga polepole kwenye meza kubwa kuliko nilivyokuwa napiga kwenye ndogo. Sikutegemea hilo kabisa.

Halafu kuna suala la kufika. Mimi si mrefu. Upana wa sentimita 127 maana yake katikati ya meza kuna eneo ambalo tumbo langu na sheria ya mguu mmoja chini haviwezi kukubaliana. Ile fimbo yenye kichwa cha kuegemezea inaning'inia chini ya kila meza ukumbini, na watu wanaichukua bila aibu. Kule nilikojifunzia, ukiiomba unazomewa, kwa hiyo tulikuwa tunapanda mezani karibu mwili mzima. Sasa naichukua. Bado naipigia vibaya, lakini naichukua.

Kule nilikojifunzia ni Dar, Sinza, baa yenye meza moja chini ya turubai. Kuna jambo la mipira ya kule nimekuja kulielewa sasa. Mipira ilikuwa midogo, ya inchi 2, na mweupe ulikuwa mdogo zaidi kidogo, inchi 1 na sehemu saba za nane. Sababu ni mashine: mweupe ukitumbukia lazima meza iutofautishe na mingine ili ikurudishie bila kudai sarafu nyingine, na njia yake ni kuupima ukubwa. Tofauti hiyo ndogo inaufanya mweupe uwe mwepesi kwa karibu asilimia 18. Mpira mwepesi ukigonga mzito unarudi wenyewe. Kumbe ule ufundi wangu wa kuurudisha mweupe nyuma, ambao vijana walikuwa wanausimulia hadi Manzese, sehemu yake ilikuwa zawadi ya kiwanda. Ukumbini mipira yote 16 ni ya ukubwa mmoja na uzito mmoja. Ukigonga katikati kabisa bila mzunguko, mweupe unasimama palepale. Ukitaka urudi, urudishe wewe.

Basi msiniweke kwenye kundi la wale wanaohamia meza kubwa halafu wanaanza kuiita ya baa mchezo wa watoto. Wapo pale ukumbini, na wana sauti kubwa. Wanasahau kwamba ukipunguza uwanja bila kupunguza mipira unapata msongamano. Kwenye futi 7, baada ya kufungua, mipira inabanana kama Kariakoo siku ya kuamkia Idi. Shimo unaliona, mpira unauona, ila njia hakuna. Kwenye futi 9 mipira inatawanyika, kila mmoja una nafasi yake, na swali linabaki moja: utaweza kuutia kutoka huko ulipo? Kwenye meza ndogo swali ni nani uanze naye, na utampitisha wapi mweupe bila kumgusa mtu.

Ubishi huo una historia, na historia yenyewe iko jirani yangu. Springfield, mji mdogo mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapa, ndipo Mmarekani Willie Mosconi, bingwa wa zamani, alipotia mipira 526 mfululizo mwaka 1954, katika ule mchezo wa kutaja mpira na shimo ambapo kila mpira ni pointi moja. Meza ilikuwa ya futi 8. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka 60, na muda wote huo watu walikuwa wanaikunjia pua kwa ajili ya ile futi moja iliyopungua. Mwaka 2019 Mmarekani mwingine, John Schmidt, akafika 626 kwenye meza ya futi 9 huko California, na mwaka 2022 Mskoti Jayson Shaw akafikisha 714. Kwa hiyo wabishi wa ukumbini wakasema, mnaona? Mimi sioni. Katika mchezo ule mipira 14 inapangwa upya kila ikiisha, na 526 ni mafungu 37 kamili na ushee. Mara zote hizo Mosconi alilazimika kulivunja fungu na kutafuta njia kwenye uwanja mfinyu zaidi. Pigo lilikuwa fupi, sawa, lakini mtaa ulikuwa umejaa.

Kilichonibadilisha zaidi, nadhani, ni malipo. Baa unalipa kwa mchezo, mshindi anabaki, aliyeshindwa anakaa chini na kupanga sarafu yake ukingoni nyuma ya sarafu za wenzake. Ukikosa mpira mmoja mbaya unaweza kukaa saa nzima ukitazama wengine. Hapo ndipo nilipopata roho ngumu. Ukumbini unalipa kwa saa. Hakuna anayesubiri, hakuna anayekutoa, unaweza kuuweka mpira uleule mahali palepale na kuukosa mpaka uchoke. Mwanzoni nilichoshwa sana. Sikujua nicheze na nani. Bila mtu wa kumkasirisha, mchezo ulionekana hauna chumvi, nikawa natazama saa na kuhesabu dola zinavyoondoka. Siku hizi naweka mipira mitano tu, naitia kwa mpangilio, naanza upya. Rafiki yangu akija tunacheza, asipokuja nacheza.

Wiki iliyopita ligi ilianza tena, kwenye futi 7. Mashimo yalionekana mapana kama ndoo, nikamwambia nahodha anipange wa kwanza. Mpinzani wangu alikuwa mama mmoja mstaafu mwenye miwani ya mnyororo. Nilitia mipira minne ya mbali bila shida, watu wakapiga makofi, halafu nikakwama: mitatu yangu iliyobaki ilikuwa imejibanza nyuma ya ya kwake, na mimi nilikuwa nimeshaondoa ile ambayo ingenifungulia njia. Yeye hakuwa ametia hata mmoja. Akausukuma wa kwake taratibu, ukaziba shimo la pili, akakaa. Alinimaliza bila kupiga pigo hata moja la kuvutia. Tulipopeana mikono akaniuliza, "Unacheza meza kubwa siku hizi, mwanangu, au sivyo?"

Desemba nakwenda Dar, na nimeshaamua kuiacha fimbo yangu mpya huku. Ncha yake ni milimita 13, na kwa mipira ile midogo watu wanapigia ncha ya 9 au chini ya hapo. Nitachukua ya baa, nichague isiyopinda sana, na nitafute chenji ya sarafu mapema, maana wenye zamu pale hawakopeshi.