Miungu Saluni kwa Hajati

Umeme ulikatika filamu ikiwa imenoga. Ilikuwa ya Kikorea, VJ, yule msimulizi wa filamu, akiitafsiri kwa Kiganda huku akitia chumvi zake, na saluni nzima ikaguna kwa pamoja. Kusuka hakuhitaji umeme, kwa hiyo mimi niliendelea kuvutwa kichwa. Mapajani nilikuwa na riwaya ya mtumba niliyoinunua Kampala, kando ya barabara, jalada limeshang'oka. Hata leo sijui inaitwaje.

"Hicho kitabu kinahusu nini, mwanangu?" Hajati akaniuliza.

"Mapenzi, Hajati. Mungu anampenda binti wa watu."

"Astaghfirullah! Mungu gani huyo?"

"Miungu ya hadithi tu, ya watu wa kale."

"Aa, hao." Akavuta kigoda. "Basi soma. Leo wewe ndiye VJ wetu."

Ndivyo nilivyoanza kuigeuza riwaya ya Kiingereza kwa Kiswahili cha Bombo, mji wetu wa kambi ya jeshi. Kampala wako watakaokuambia Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Pale kilikuwa lugha ya kila mtu: Hajati Mnubi, msusi wangu Mlugbara, Mama Brenda Mganda, na mke wa koplo mmoja aliyetoka Hoima, ambaye tangu aingie alikuwa amesalimia tu na kunyamaza.

Riwaya ilijengwa juu ya kisa cha Psyche, kile alichokiandika Apuleius katika karne ya 2. Binti mzuri kupita kiasi anaolewa na mume asiyeonekana. Mume huja usiku, huondoka kabla hakujapambazuka, na sharti lake ni moja: usinitazame. Mwandishi wa riwaya alikuwa ameongeza mapazia ya hariri na mabusu kila ukurasa wa tatu. Mabusu niliyaruka, maana Hajati alikaa karibu mno. Msusi akanigonga kichwani kwa kitana: "VJ, mbona unafunua haraka haraka?"

Binti akawasha taa usiku, tone la mafuta ya moto likamdondokea mume begani, akaamka, akaruka zake. Hapo hawakushtuka sana. Mume kuondoka usiku, wake wa wanajeshi wanakujua. Walichokisubiri bila kujua ni mama mkwe. Venus, mama wa yule kijana, anamwagia binti nafaka za kila aina rundo moja, ngano, shayiri, dengu, maharage, na kumwambia azitenge zote kabla ya usiku. Saluni ikalipuka. Kila mtu alikuwa na mama mkwe wake wa kusimulia, na nikanyimwa nafasi ya kusoma kwa muda mrefu.

"Akazitenga?" Hajati akauliza hatimaye.

"Alisaidiwa na sisimizi."

Mama Brenda akapiga makofi. "Si Ggulu huyo! Ggulu na Kintu!" Akatukumbusha, kana kwamba yuko asiyejua Uganda hii, jinsi Kintu alivyokwenda mbinguni kumposa Nambi, baba mkwe Ggulu akampa chakula cha kushibisha umati akile peke yake, akamtuma alete mtungi wa umande, kisha akamwambia amtambue ng'ombe wake katikati ya makundi. Nyuki ndiye aliyemwonyesha. "Wao sisimizi, sisi nyuki. Wakwe ni walewale."

Ndipo mke wa koplo akafungua mdomo. "Kwetu Bunyoro, binti wa kuzimu ndiye aliyekuja juu kumtafuta mwanamume."

Akasimulia taratibu. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, alitaka kuchanjiana na Mfalme Isaza, wale buni iliyopakwa damu. Isaza akaogopa, akamsukumia mtumishi wake Bukuku ale badala yake. Nyamiyonga alipogundua kwamba amefanywa ndugu wa mtumishi, hakupiga kelele. Alimtuma binti yake Nyamata, mzuri ajabu, aolewe na Isaza na apeleleze anapenda nini kuliko vyote.

"Akajua ni yeye," msusi akasema.

"Akajua ni ng'ombe."

Hajati alicheka mpaka akashika ukuta. Nyamata alimwona mumewe akimwacha ili akatazame mifugo yake, akarudi kwao na mimba tumboni. Nyamiyonga akatuma ng'ombe wawili wa kupendeza, Ruhogo na Bihogo. Walipotoroka, Isaza akawafuata mpaka ardhi ikammeza. Hakurudi. Aliyekuja kupanda juu ni mtoto wa Nyamata, Isimbwa, naye akampata binti wa Bukuku, ukoo wa Wachwezi, wafalme wa kale wa Bunyoro, ukaendelea.

Nikaitazama riwaya yangu nikaiona imepwaya. Kurasa zote zile mungu wake hana ugomvi na mtu, hana deni, hana hata mnyama anayempenda. Uzuri tu. Mke wa koplo, kwa dakika chache na bila karatasi, alikuwa ametupa mke mwenye wivu na mume mwenye zizi.

Hata hivyo waliniamuru nimalize. Mwishoni Psyche anapewa kikombe cha miungu, anakunywa, hafi tena, harusi inafanyika mbinguni. Nilidhani watapiga vigelegele.

"Na wazazi wake?" akauliza mke wa koplo.

"Hawajatajwa."

"Watakufa, na yeye yuko karamuni. Nani atawazika?"

Mama Brenda akasema angalau Nambi alishuka akaishi na watu. Msusi akamjibu kwamba alishuka na kaka yake Walumbe nyuma yake, kifo chenyewe, asante sana. Wakabishana mpaka msuko wa mwisho ukafungwa.

Hajati akanitoza bei kamili. Nikamkumbusha kwamba nimefanya kazi ya VJ mchana mzima, angenipunguzia kidogo.

"VJ wa kweli," akasema akihesabu noti zangu, "haruki mabusu."