Kipanya cha kubeba: anza na meza

Mtu akiniomba nimshauri kipanya cha kubeba pamoja na kompyuta mpakato, swali langu la kwanza huwa ni hili: utakuwa unakiweka juu ya nini? Wengi hushangaa. Walitarajia niulize habari ya rangi, au kampuni, au ile namba kubwa ya DPI, kipimo cha wepesi wa mshale, iliyoandikwa kwenye boksi. Lakini kipanya cha nyumbani kina meza yake. Cha safari hakina. Leo kiko juu ya kioo, kesho juu ya plastiki inayong'aa, keshokutwa juu ya begi lililolazwa mapajani, na hapo ndipo vipanya vinapoachana.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Kazi yangu ni kuhamia kwenye ofisi za watu, kupewa pembe ya chumba cha mikutano, na kukaa humo na majedwali mpaka kazi iishe. Najua wapo wanaosema padi ya kugusa inatosha. Kwa kusoma barua pepe inatosha, sibishi. Njia za mkato za kibodi nazo nazijua na nazitumia. Ila ukiwa na leja upande huu wa skrini na ankara zilizopigwa skani upande ule, unakuza, unapunguza, unasogeza, unarudi kwenye seli, unapaka rangi tarakimu iliyokutia shaka, kidole kwenye padi kinachoka kabla ya saa nne asubuhi.

Basi meza. Chini ya kipanya cha kisasa hakuna tena ule mpira uliokuwa unakusanya uchafu. Kuna taa ndogo na kamera ndogo zaidi. Taa inamulika uso wa meza, kamera inapiga picha mfululizo, maelfu kwa sekunde, na chipu inalinganisha kila picha na iliyoitangulia: zile chembe, nyuzi na mikwaruzo zimesogea upande gani, kwa kiasi gani? Jibu hilo ndilo linalosogeza mshale. Meza ya mbao ina mengi ya kupigwa picha. Karatasi nyeupe, ambayo machoni petu ni tupu, kwa kamera hiyo imejaa nyuzi zilizopishana. Kioo safi hakina kitu. Mwanga unapenya na kwenda zake, kamera inabaki kupiga picha za utupu, na mshale wako ama unaganda katikati ya jedwali ama unaruka pembeni kama mtu aliyechomwa sindano.

Na meza za kioo hazikosekani vyumba vya mikutano. Nimewahi kukalishwa kwenye meza nzuri mno, kioo kitupu chenye miguu ya chuma, mhasibu wa pale amesimama begani kwangu akisubiri nimwonyeshe tofauti niliyoiona. Mshale haukusogea. Nikageuza kipanya, nikapuliza sensa, ile taa na kamera yake, nikajaribu tena, wapi. Mhasibu akavuta faili lake la kadibodi, akalilaza chini ya mkono wangu. "Mkaguzi, tumia hili, hata sisi wenyewe hapa hatufanyi kazi bila faili." Mpaka leo natembea na jalada la kadibodi la ukubwa wa A4. Uzito halina, na karatasi nabebea humo humo. Liwe la kadibodi kweli lakini. Lile la plastiki inayoonyesha ndani ni kioo kingine tu.

Watengenezaji wamehangaika na kioo miaka mingi. Logitech walileta kipanya cha leza, MX1000, mwaka 2004, na leza ikasaidia kwenye nyuso laini zinazong'aa, ila kioo kitupu kikabaki mtihani. Microsoft wakaja na BlueTrack mwaka 2008, taa ya buluu inayofanya kazi mpaka kwenye marumaru na zulia, lakini nao waliweka wazi kuwa kioo kisafi na kioo cha kujitazamia havimo. Mwaka 2009 Logitech wakatoa Darkfield, na hiyo ndiyo iliyofaulu: inatafuta zile chembe za vumbi na mikwaruzo midogo iliyoko juu ya kioo, ambayo hata meza iliyofutwa vizuri haiikosi, na kuzifuata hizo. Sharti ni kioo kiwe na unene wa milimita 4 au zaidi. Teknolojia hiyo iko kwenye vipanya vya MX Anywhere, ambavyo vimetengenezwa kwa ajili ya watu wa kuhamahama. Kama meza zako ni za mbao na plastiki, usiilipie. Sensa ya kawaida pamoja na jalada la kadibodi itakufikisha.

Suala la DPI nalipita haraka. Kwenye DPI 1,000, kukisogeza kipanya sentimita 2.54 kunausogeza mshale nukta 1,000, kwa hiyo skrini yenye upana wa nukta 1,920 unaivuka kwa takriban sentimita 5 za mkono. Kwenye kimeza cha kukunja cha ndege hiyo ni nafasi unayoipata hata ukiwa umebanwa. Anayekuuzia 16,000 anakuuzia kitu cha mashindano ya michezo ya kompyuta.

Kinachostahili muda wako ni namna kipanya kinavyoongea na kompyuta. Njia ni mbili: Bluetooth, au kipokezi chake chenyewe, kile kidude cha USB chenye ukubwa wa ukucha. Zote mbili ziko kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz, pamoja na sehemu kubwa ya Wi-Fi, kwa hiyo muuzaji akikwambia moja ina masafa safi kuliko nyingine, mwache amalize kuongea.

Uzuri wa kipokezi ni kwamba unakichomeka na kazi inaanza. Hakuna kuunganisha, hakuna namba za siri, na kinafanya kazi hata kabla mfumo wa kompyuta haujawaka. Ubaya wake ni mwingi zaidi kwa msafiri. Vingi ni vya USB ile ya zamani, ya mstatili, wakati kompyuta nyingi nyembamba zina matundu ya USB-C peke yake, na hapo unaongeza kiunganishi cha kubeba na cha kupoteza. Kipokezi chenyewe nacho hupotea, na kwa vipanya vingi vya bei ya chini kipokezi na kipanya vimefungwa pamoja kiwandani: kimoja kikipotea, cha pili ni taka. Logitech wana afadhali hapo, kwa kuwa tangu 2009 mfumo wao wa Unifying unakuruhusu kununua kipokezi kingine na kukiunganisha na vifaa hadi 6. Ila mwaka 2021 walileta mfumo mpya, Logi Bolt, na hii miwili haielewani. Wenye kipokezi cha zamani, chenye alama ya rangi ya chungwa, wasitegemee kipanya cha Bolt kitakitambua.

Kuna balaa nyingine ambayo watu huilaumu kwenye kipanya bure. Nikinakili nyaraka za mteja kutoka kwenye diski ya nje, mshale unaanza kusuasua, unakwama, unafuata mkono kwa kuchelewa. Nikichomoa diski, kila kitu shwari. Betri haina kosa. Intel walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012: vifaa na nyaya za USB 3 zikiwa kazini hutoa kelele ya redio inayoangukia humo humo kwenye 2.4 GHz, na kipokezi kilichochomekwa tundu la jirani kinasikia kelele kuliko kinavyokisikia kipanya chake. Dawa yake ni kuhamishia kipokezi upande wa pili wa kompyuta, au kukichomeka kwenye kiwaya kifupi cha kurefusha USB ili kikae mbali na diski.

Kwa watu wa kazi kama yangu lipo na la usalama. Mwaka 2016 kampuni ya Bastille ilitangaza udhaifu iliouita MouseJack: vipokezi vya vipanya na kibodi za kampuni kadhaa, visivyo vya Bluetooth, viliweza kudanganywa na mtu aliye mbali, akatuma ishara ambazo kompyuta inazipokea kama herufi zilizochapwa kwenye kibodi. Baadhi ya vipokezi vilitolewa programu ya kuziba tundu hilo, vingine haviwezi kubadilishwa kamwe. Kwa hiyo kipanya cha zamani kisicho na jina, kilichookotwa kwenye droo ya ofisi, hakigusi kompyuta yenye vitabu vya mteja wangu.

Bluetooth nayo ina vituko vyake. Kipanya kikilala, mguso wa kwanza unapotea kikijiamsha. Kompyuta nyingine za ofisi zimefungiwa Bluetooth na watu wa kompyuta, na huwezi kuwabishia. Ndiyo maana napendelea kipanya chenye njia zote mbili, na kitufe cha kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Cha kipokezi pekee nakikataa, cha Bluetooth tupu nakivumilia.

Mkono nao una haki yake. Vile vipanya bapa sana, vinavyoteleza kwenye mfuko wa begi usivione, vimeumbiwa begi. Logitech Pebble ni chepesi, takriban gramu 100 pamoja na betri, na kwa saa moja ya mkutano ni raha tupu. Siku nzima ya majedwali, mkono unaning'inia kwa ncha za vidole na kiganja hakina pa kuegemea. Ikifika alasiri kifundo cha mkono kinauma. Microsoft walijaribu kupatanisha mambo mawili haya kwa Arc ya mwaka 2008, kipanya kinachojikunja kikiingia begini na kujiinua kikiwa mezani. Wazo zuri, lakini mimi kitu chenye kiungo cha kukunja sikiamini chini ya lundo la chaja na mafaili. Dukani usikishike kwa kukipima uzito. Kilaze, weka mkono kama uko kazini, ukae hivyo dakika kadhaa hata kama muuzaji anakutazama.

Betri: niko upande wa AA moja. Katika vipanya vya kawaida vya ofisi inakaa miezi mingi, na ikiisha unaweka nyingine kazi inaendelea. Inaongeza kama gramu 23, na ya kuchajika ya 1.2 V kwa kawaida inafaa vilevile. Kama unataka cha kuchaji kwa waya, hakikisha tundu liko mbele, ili uendelee kukitumia kikiwa kwenye chaji. Apple wamekuwa wakiliweka tundu la Magic Mouse tumboni tangu 2015, na hata walipohamia USB-C mwaka 2024 walilibakiza palepale. Kikiishiwa chaji mbele ya mteja unakilaza chali, mnatazamana.

Kigeuze pia uangalie swichi ya kuzima, swichi ya kweli ya kusukuma kwa kucha. Vipo vipanya visivyo nayo. Kikiwa begini na kompyuta iliyolala, kikigongwagongwa kinaweza kuiamsha, nawe ukifika unatoa kompyuta ya moto yenye betri nusu. Hapo hapo chini fungua kifuniko cha betri utazame kama kuna nafasi ya kuhifadhia kipokezi. Kisichokuwa na nafasi hiyo, kipokezi chake kitaachwa kwenye tundu la kompyuta, na siku begi likigonga ukingo wa mlango, kitakachopinda kinaweza kuwa tundu lenyewe.

Sauti ya vitufe niliidharau mpaka nilipoketi chumba kimoja na wakurugenzi waliokuwa wanasoma rasimu yangu kimya, nami nabofya ta-ta-ta. Siku hizi vipanya vya kubofya kimya viko tele, na kidole bado kinahisi kitufe vizuri.

Kama unatumia mkono wa kushoto, kwa mara moja umependelewa: vipanya vingi vidogo vya safari vina umbo sawa pande zote mbili, na vitufe vikuu unavibadilisha kwenye mipangilio ya kompyuta. Chunguza tu vile vya ubavuni. Vikiwepo, karibu kila mara viko kushoto, pa dole gumba la mkono wa kulia. Kwako vitaangukia chini ya kidole cha pete, na utakuwa unarudi ukurasa wa nyuma bila kutaka. Vizime kwenye programu ya kipanya kabla hujaanza kazi.