Nani alimwambia Mtoro?

Bibi yangu mzaa mama akiwa anasuka ukili hapendi kusemeshwa, kwa sababu mkono ukipotea inabidi afumue. Kwa hiyo jioni ile, kibarazani kwetu Magomeni, Bagamoyo, alipouweka ukili chini na kunitazama, nilijua nimemgusa. Nilikuwa nimemsomea maelezo ya Mtoro, katika kitabu cha zamani kuhusu desturi za watu wa Mrima, yaani pwani yetu hii, mahali panapohusu msichana anapovunja ungo. Alikuwa kimya muda wote. Akauliza:

"Mke mwenzangu, huyo aliyeandika ni mwanamume?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa haya nani alimwambia?"

Nilikosa la kujibu. Nilikuwa likizo ya mwaka wa pili, nimeshafaulu vizuri kabisa somo la njia za utafiti, na swali hilo halikuwa limenipitia kichwani.

Nilisoma shahada ya kwanza ya sanaa katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Masomo yangu makubwa yalikuwa isimu na sosiolojia, nikachanganya na historia, anthropolojia, fasihi simulizi, na mihula miwili ya Kifaransa. Nyumbani hakuna aliyeweza kuieleza shahada hiyo kwa neno moja. Anayesomea uuguzi ni muuguzi, anayesomea sheria ni wakili, basi mimi? Baba mdogo, ambaye ndiye aliyenishika mkono kila bumu, pesa ya mkopo wa chuo, lilipochelewa, alikuwa akiulizwa na wenzake baada ya swala anajibu, "Yule anasomea watu." Nililipenda jibu lake, na hadi leo ndilo ninalolitumia.

Mengi niliyojifunza mwaka wa kwanza nimeyasahau. Kipindi kimoja sijakisahau. Mhadhiri alichora ubaoni mti wa lugha, akatuonyesha kwamba Kiswahili kina ndugu zake wa tumbo moja: lugha za Komoro, Kidigo na wenzake wa Mijikenda, Kipokomo. Tumbo hilo wanaisimu wanaliita Sabaki. Kisha akachora tawi jingine, la Ruvu, akaandika Kizaramo, Kidoe, Kiluguru, na Kikwere. Kikwere! Lugha ya bibi. Niliishi miaka kumi na tisa nikiamini Kikwere ni Kiswahili cha shamba kilichoharibika midomoni mwa wazee. Sisi wajukuu tulikuwa tunamwiga tukicheka, naye anacheka pamoja nasi. Siku hiyo nilitoka darasani nikakaa chini ya mwembe, nikampigia simu. Nilimsalimia tu, shikamoo bibi, habari za huko, basi. Sikujua namna ya kumwomba radhi kwa kosa ambalo yeye hakuwahi kulihesabu kuwa kosa.

Mtoro nilikutana naye mwaka wa pili. Tulipewa kusoma, kwa Kiingereza, maelezo juu ya Waswahili wa pwani: kuzaliwa, majina, ngoma, ndoa, pepo, utumwa, safari za bara. Nikawa nasoma kama mtu anayesoma habari za nchi ya mbali, mpaka nilipoona jina la Dunda. Dunda ni kata ninayopita kwenda sokoni.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa huko. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki, walikoandaliwa maofisa wa Kijerumani waliokuja kututawala. Mwaka 1903, huko Göttingen, Carl Velten, mwalimu Mjerumani wa chuo hicho, akachapisha Desturi za Wasuaheli, kitabu cha Kiswahili ambacho sehemu kubwa ya maelezo yake yalitoka kwa Mtoro. Kwa muda mrefu kikajulikana kwa jina la Velten. Tafsiri ya Kiingereza tuliyopewa darasani ilitoka mwaka 1981. Yaani maneno ya mtu wa Bagamoyo yaliyosemwa kwa Kiswahili yalizunguka Ujerumani, yakapita Kiingereza, yakanifikia mimi mtoto wa Bagamoyo kama somo la chuo, nami ilinibidi niyarudishe Kiswahili ili bibi aelewe.

Baadaye nikaipata nakala ya Kiswahili chenyewe, nikaacha kutafsiri. Bibi alikifuata vizuri kuliko mimi. Kiswahili tulichofundishwa shuleni kimesanifiwa kutoka Kiunguja, na kazi hiyo ilishika kasi baada ya mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa. Mtoro aliandika kabla ya hapo, kwa lahaja ya Mrima. Mahali nilipokwama mimi msomi, bibi alipita kama anayepita uani kwake.

Jambo moja katika maisha ya Mtoro linaniuma kila nikilikumbuka. Alioa Berlin, mke Mjerumani. Mwaka 1905 akapanda meli kurudi nyumbani pamoja na mkewe, na serikali ya kikoloni ikakataa mwanamke huyo ashuke. Wakarudi Ulaya. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha watawala lugha ya mama yake alifika mpaka kwenye maji ya kwao, akazuiwa kuingia na mkewe nyumbani. Ninapokaa ufukweni jioni na kuona majahazi yameinamia mchanga maji yakiwa yamekupwa, namfikiria yeye zaidi ya wavumbuzi wote wenye vibao hapa mjini.

Basi tukawa na desturi yetu. Jioni baada ya chakula nasoma, bibi anasuka, mama mkubwa anachambua mchele wa kesho, na jirani mmoja, mkaanga samaki, anakuja na kigoda chake. Tulipofika kwenye ndoa hatukusonga mbele kwa siku tatu. Bibi aliacha kunisikiliza akaanza kuhesabu kwa vidole: kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko, kiosha miguu, kipa mkono, kifungua mlango. Mama mkubwa akamkatiza kwamba siku hizi vyote vinatiwa katika bahasha moja. Bibi akasema bahasha haina jina.

Nikawauliza kuhusu mkaja, kwa sababu nilikuwa nikilijua neno kama pesa tu anayopewa mama wa bibi harusi. Jirani akainua gauni lake kidogo akaonyesha kiunoni. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni akishajifungua, ili tumbo lirudi. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kwa hiyo siku binti anaondoka nyumbani, mama yake analipwa kitambaa cha tumbo lililomzaa na nguo ya mgongo uliombeba. Nilikaa kimya. Katika isimu tulikuwa tumesoma maana inavyopanuka, kutoka kitu kwenda kwenye malipo ya kitu. Katika sosiolojia tulijadili mahari wiki mbili, tukabishana kama ni kununua mwanamke. Katika anthropolojia tukazisoma nadharia za zawadi. Vipindi vitatu, majengo matatu, na hakuna siku hata moja mkaja ulitajwa. Wanawake watatu wa Magomeni waliviunganisha wakati wanachambua mchele.

Ninaipenda shahada yangu, nasema hivi kwa moyo wote, na sababu mojawapo ni hiyo. Isingekuwa vile vipindi nisingejua kwamba nimesikia jambo kubwa. Ningesikia neno la kizamani tu nikaliacha lipite. Anayesema masomo haya ni ya kupoteza muda kwa sababu Kiswahili tunakijua tangu utotoni, nami nilikijua tangu utotoni, na mkaja nilikuwa nimeuona kwenye kila harusi.

Narudi kwenye swali la bibi.

Muhula uliotangulia likizo ile, mhadhiri alituonyesha kwenye projekta picha ya mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti anachokabidhiwa mwali akiwa ndani, akitunze kama mtoto. Wazaramo wanacho, Wakwere wanacho, Wadoe wanacho. Hana mikono wala miguu, kichwani ana kishungi kilichogawanyika mara mbili. Aliyekuwa pichani alisimama ndani ya kioo cha makumbusho ya Ulaya. Nilimpiga picha kwa simu nikamwonyesha bibi. Aliishika simu kwa mikono miwili. Akasema wa ukoo wao alikuwa akipita kutoka mwali mmoja kwenda mwingine, mama yake alimlea, yeye alimlea, halafu mwaka mmoja wa njaa kaka yake akamuuza kwa mtu aliyekuja na gari. Hakuna aliyeulizwa miongoni mwa wanawake. "Labda ndiye huyu," akasema. Sidhani kama ni yeye, vinyago hivi viko katika makumbusho mengi. Sikumwambia hivyo.

Na mimi nilikuwa na langu moyoni. Nilishapanga tasnifu yangu ya mwaka wa tatu iwe juu ya nyimbo za unyago, zile za wanawake watupu. Mwenyewe nimechezwa, nyimbo nazijua, milango ilikuwa wazi. Mwezi wa kwanza wa likizo, alipochezwa binamu yangu, nilificha simu ndani ya mkoba chini ya khanga nikarekodi. Faili saba. Nilijiambia naokoa urithi, kwamba wazee wanakufa na nyimbo zinakwenda nao. Bado naamini hofu hiyo ina ukweli. Lakini bibi alipouliza nani alimwambia Mtoro, niliona wazi kwamba siku moja mtu atasoma tasnifu yangu na kuuliza vilevile, nani alimwambia, na jibu litakuwa: hakuna aliyemwambia, aliiba.

Nilimweleza siku ya pili, asubuhi, nikiwa nimepiga magoti jikoni. Hakunigombeza. Alitaka kusikia. Nikafungua wimbo wa kwanza, sauti ya mama mkubwa ikatoka kwenye kile chombo kidogo, bibi akatazama mlangoni haraka kuona kama babu yupo karibu. Kule kugeuka kwake kulinitosha. Nikafuta zote mbele yake. Nilimwambia naogopa zitapotea. Akasema, "Zitapotea mkiacha kuzicheza."

Msimamizi wangu chuoni alisikitika. Aliona ni hasara kwa taaluma, akapendekeza niombe ruhusa rasmi kwa fomu. Ni mtu mwema na nia yake ilikuwa njema, ila katika hili hatukukubaliana. Wanawake walishajibu. Fomu ingekuwa kuwauliza mara ya pili kwa lugha ambayo ni vigumu kuikataa.

Nikahamia soko la samaki. Wiki sita, alfajiri, nikiandika lugha ya mnada: jinsi mnadi anavyopandisha bei ya tenga la vibua, anavyomwita huyu "tajiri" na yule "mtani", jinsi wakaanga samaki wanavyoungana watu watatu kununua jodari mmoja bila kutamka neno, kwa macho tu. Nilijifunza kuhesabu mwezi kama wao, bamvua na maji mafu, na kwa nini mbalamwezi ikiwa pevu dagaa huadimika: taa za wavuvi hazina kazi bahari ikiwa na mwanga. Niliandika kwa Kiswahili. Nilipomaliza rasimu nikaenda nayo sokoni, nikawasomea mnadi na akina mama chini ya banda saa nne, biashara ilipopoa. Walicheka, walisahihisha majina mawili ya samaki, na ukurasa mmoja waliukataa. Nilikuwa nimeandika namna wanunuzi wawili wanavyokubaliana pembeni kuishusha bei. Mnadi akasema ni kweli kabisa, na ndiyo sababu lisiandikwe. Ukurasa ule sikuupeleka chuoni.

Nimemaliza sasa, nimerudi nyumbani. Ninatembeza wageni Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo na magofu ya Kaole, na ninaomba kazi kila ninaposikia ipo. Kitabu tunaendelea nacho. Kuna maandishi mengine ya Mtoro, yaliyochapishwa mwaka 1901, yanayosimulia safari yake ya Udoe mpaka Uzigua na mila za huko. Babu yangu mmoja upande wa mama ni Mdoe, umri wake umepita themanini. Watu wa pwani na Wazungu wa karne ya 19 waliwavumishia Wadoe kwamba wanakula watu, na mzee huyu anazijua hadithi hizo moja baada ya nyingine na ana majibu yake. Nimemwomba nimsomee alichoandika Mtoro kuhusu kwao. Amesema nije Jumamosi, nisiwe na haraka ya kuondoka.

Bibi anasema na yeye anakwenda. Ukili ule aliouweka chini siku ile ulishashonwa ukawa mkeka, na ameshaukunja mlangoni, tayari.