Mgeni Naye Ana Kazi: Chai ya Uji

Kutoka Kyoto hadi Uji, mji wa chai nchini Japani, kwa treni hata nusu saa haifiki. Watu wengi hushuka hapo kwenda kuona hekalu la Byodoin, ambalo ukumbi wake wa mwaka 1053 umo kwenye sarafu ya yen 10. Mimi nilifuata chai, ile inayoandaliwa kwa taratibu maalumu mbele ya wageni.

Mlango wa kuingilia kwenye chumba cha chai ni mdogo hasa, kimo chake sentimita sitini na ushee, kwa hiyo unaingia kwa magoti, uwe nani uwe nani. Husemwa kwamba zamani hata samurai, askari wa Kijapani, aliacha upanga wake nje. Mtindo huu unahusishwa na Sen no Rikyu, bingwa wa chai wa karne ya 16, ambaye mwaka 1591 bwana wake mwenyewe, Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo, alimwamuru ajiue. Chai yao haikuwa mbali na siasa.

Tulikalia visigino juu ya mikeka ya tatami. Mwenyeji, mama wa makamo aliyevaa kimono, akaanza kufuta kijiko cha mwanzi kwa kitambaa cha hariri, ingawa kilikuwa safi tangu mwanzo. Anakifuta ili tumwone akikifuta. Kisha kikaja kitamu cha maharage, nacho huliwa chote kabla ya chai. Hapo mtu wa Mombasa hahitaji mwalimu: kashata na kahawa chungu.

Matcha ni unga wa majani yaliyofunikwa yasipate jua kwa wiki kadhaa kabla ya kuchumwa. Ndiyo sababu ya ule ukijani mkali. Akamimina maji ya moto, akaipiga kwa brashi ya mwanzi, chasen, mpaka povu likatanda. Bakuli unalipakata kwenye kiganja cha kushoto, unalizungusha kidogo ili usinywee upande wake mzuri, na funda la mwisho unalivuta kwa sauti.

Mimi nilidhani mwenyeji ndiye mwenye kazi. Kumbe mgeni naye anayo: ukishakunywa unalikagua bakuli, umeinama, viwiko chini, lisije likaanguka. Langu lilikuwa jeusi, mdomo umepinda kidogo. Aliyekaa nafasi ya kwanza ndiye huuliza kwa niaba ya wote limefinyangwa wapi. Akauliza, akajibiwa. Bei hakuna aliyethubutu kuiuliza, ingawa jirani yangu alilipindua la kwake na kulitazama chini kwa muda mrefu mno.