Pini mdomoni

Nashona Ngamiani, Tanga, kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga, na usiku naandika hadithi. Anayejua huniuliza, "Dada fundi, hayo maneno unayatoa wapi?" Nayatoa hapohapo barazani. Fundi mwenye pini mdomoni hawezi kujibu, na mtu anayepimwa hapendi kimya, basi huongea yeye. Nikitoka mabegani hadi kiunoni nimeshajua mume kahamia wapi. Nikifika kwenye pindo, nimeshajua nani anamdai nani.

Kundi letu la WhatsApp lina waandishi saba, na kila mmoja ana kazi yake ya mchana. Yumo mlinzi, yumo muuguzi. Wengine hatujaonana uso kwa uso, lakini mmoja akieleza kilichompata usiku, sita tunaitikia, "Hata mimi!" Kushtuka saa nane na sentensi kichwani, ukainong'oneza simu ili mwenzako asiamke. Kusoma mazungumzo kwa sauti mpaka watoto wanauliza mama anagombana na nani. Na majina! Kwetu jina humtangulia mtu: dini yake, kwao, pengine hata umri. Mlinzi wetu alimbadilishia mhusika wake jina mara tano, na kila alipobadilisha, anasema, yule mtu alianza kuongea kivingine. Hakuna aliyemshangaa.

Kuhusu kazi ya mchana, hapa Tanga tunaye wa kumtazama. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali, miaka mingi akiwa idara ya forodha. Huwa namwaza pale, siku nzima mizigo ya watu inafunguliwa mbele ya macho yake. Na nikitaka kulalamika kwamba naandika nyuma ya karatasi za kaki za kukatia nguo, namkumbuka Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika riwaya nzima kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978. Nanyamaza, nachonga penseli.

Lakini liko jambo ambalo kundini tunalizungumza kwa sauti ya chini: maneno ya mtu tunayachukua kwa ruhusa ya nani?

Miaka mitatu iliyopita alikuja mama mmoja na kanzu ya mwanamume, nyeupe, tarizi ya kifuani imeshonwa kwa mkono. Alikuja na mtoto wa kiume wa miaka kama tisa. Nikamvalisha, mikono ikameza vidole, pindo likaburura sakafuni. Nikapiga magoti, pini mdomoni, nikaanza kukunja. Yule mama hakusema kanzu ilikuwa ya nani. Alikuwa akimlazia mtoto ile tarizi kwa kidole, akiilaza tena, ingawa ilishalala. Akasema tu, "Fundi, usikate. Kunja. Atakua."

Usiku ule niliandika kurasa nne bila kusimama. Asubuhi nilizisoma, nikazikunja, nikazitia chini ya droo ya cherehani. Wenzangu walisema nibadilishe kanzu iwe koti, mtoto awe wa kike, mambo yaishe. Nilijaribu. Koti lilikataa. Koti halina ile tarizi, na bila tarizi kile kidole hakina pa kwenda.

Mwezi uliopita walirudi. Mtoto ananifikia sikioni sasa. Nikafumua pindo, inchi sita nzima nilizomwachia, nikapiga pasi. Mstari wa mkunjo wa zamani haukutoka. Nikatema pini zote kiganjani, nikamwambia mama yake kwamba ninaandika, na kwamba nimeandika juu ya siku ile.

Alinitazama kitambo. Akavuta kigoda, akaketi.

"Nisomee," akasema.

Nikafungua droo.